Kila Mtu Mlangoni Kwake

Fundi viatu alicheka mpaka akajishika mbavu. Pale ukutani, kwenye picha yake, alikuwa na meno yote.

"Mchoraji, haya meno umeyatoa wapi?"

"Nimekuazima, mzee. Ukifa utarudisha."

"Kitendawili!" fundi akawageukia majirani.

"Tega!"

"Ananyeshewa halowi, anacheka bila sauti."

"Wewe ukutani!"

Ukuta wenyewe ulikuwa mrefu, kando ya barabara waliyopita watu wa mjini wakiwa wamefunga vioo vya magari. Kwao mtaa ule ulikuwa jalala la watu: lugha chungu nzima, mwizi kila kona. Mchoraji, mwanamke aliyezeekea kwenye mabango ya maduka, ndiye aliyekuwa amewaambia wachoraji wenzake wawili, "Asiyekujua hakuthamini. Tuwachore majirani, kila mtu mlangoni kwake, tena mlango wenyewe hasa: rangi yake, ufa wake, pazia lake. Mtu asije akasema tumebuni."

Wakachora. Na kweli mjini likazuka gumzo; watu wakashusha vioo, wakapiga picha.

Kisha wakaja askari wa uhamiaji, picha za ukuta mkononi. Hawakumuuliza mtu njia. Mlango wa kijani wenye kiraka cha bati, wakaubisha huo huo. Fundi viatu, aliyeishi pale miaka bila kibali na bila kumkanyaga hata sisimizi, akatolewa na sindano bado mkononi. Alipompita mchoraji, alisema tu, "Umenipatia mno, mwanangu."

Mkono wa mchoraji haukuwahi kukosea, na kwa hilo alikuwa akijivuna. Sasa alitamani ungekosea mlango mmoja tu. Ungepaka buluu mahali pa kijani, ungesahau kile kiraka. Wema nao, kumbe, una makali, na hukata upande wa mpini.

Kulipokucha, majirani wakaja na ndoo za chokaa. Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana.

"Tufute, dada," alisema dobi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Wewe una kibali. Wewe pia?"

"Wote. Tukibaki wenye vibali peke yetu, si watahesabu mapengo?"

Wenzake wawili walishika brashi huku wamegeuza nyuso. Akaanza mchoraji mwenyewe. Akamfuta muuza maji, akawafuta pacha wa kinyozi, kila mmoja na mlango wake, hadi akafika kwa dobi.

Dobi alisimama mbele ya sura yake, mikono ikichuruzika povu, akaitazama kama mtu anayemsindikiza ndugu.

"Anzia miguuni," akasema. "Uso uache mwisho. Nilikuwa sijapata kuchorwa maishani."

Mchoraji akapiga magoti. Mpako wa kwanza wa chokaa ulikuwa mwepesi. Vidole vya miguu vikaonekana bado chini yake, kimoja kimoja. Akachovya brashi tena.