Upepo Kwenye Klachi

"Kanyaga!" nilipaza sauti kutoka chini ya gari.

"Nimekanyaga, mama," Baba akajibu kutoka kwenye kiti cha dereva.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Nikalegeza nati ya kutolea upepo. Mafuta ya breki yakachuruzika kwenye kopo, na pamoja nayo mapovu yale yale. Nikakaza. Baba alipokanyaga tena, pedali ya klachi ilizama mpaka chini bila ubishi. Akajaribu gia ya kwanza, ikakwaruza na kugoma. Gari likabaki palepale uani, limeelekezwa getini tangu asubuhi, na mkoba wake umeshapakiwa.

Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa anatutoka. Mwanawe alinipigia akaniambia bila kuzungukazunguka: "Anamuuliza Mjomba tu. Njooni leo." Basi lilikuwa limeshaondoka, na safari yenyewe ni ya kutwa nzima, milima mitupu. Mama yao alipofariki, Shangazi ndiye aliyembeba Baba mgongoni, naye mwenyewe bado mtoto.

Mimi si mtu wa subira. Kule gereji ninakofanya kazi wanasema hata bolti zilizoshika kutu huniogopa. Ubovu wenyewe niliuona mapema: silinda ya chini, ile inayosukuma klachi, ilikuwa inavuja. Nikaweka mpya. Kilichobaki ni kutoa upepo ulioingia kwenye bomba la mafuta, kazi ambayo huifanya huku napiga soga. Lakini upepo haukuisha. Nikakagua silinda ya juu, kavu. Nikapapasa bomba lote, kavu. Nikaongeza mafuta kwenye kikopo chake, yasije yakawa yamepungua. Nikamlaani aliyeniuzia silinda, nikamlaani na aliyeitengeneza.

"Usimtukane mtu usiyemjua," Baba alisema huku akicheka. "Labda ni spana yako."

"Spana yangu haina neno. Wewe usiachie kabla sijakaza."

"Unanifundisha klachi? Mimi?"

Nikaishika tena spana. Baba ameendesha malori maisha yake yote. Mtaani anaitwa Dereva, na wengi hawajui kama ana jina jingine. Hata kutoa upepo nilifundishwa na yeye, nikiwa juu kwenye pedali na yeye chini. Kwa hiyo nilikagua kila kitu isipokuwa mguu wake.

"Kanyaga. Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nikalegeza nati. Mafuta yakatoka kidogo, yakakatika, halafu nikasikia nati inavuta hewa, kama mtu anayesonya. Nati haivuti hewa ikiwa pedali imeshikiliwa. Nikajivuta kutoka uvunguni, hasira zimenipanda, nikafungua mlango wa dereva.

Pedali ilikuwa imeinuka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeteleza pembeni, uko juu ya zulia, na ulikuwa unakanyaga. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Alishika usukani kwa mikono miwili, akikandamiza sakafu kwa nguvu zake zote.

"Legeza basi," alisema. "Nimeshikilia."

Hasira zote ziliniishia. Nikainama, nikaufinya mguu ule kwenye kifundo. Nikaufinya tena, safari hii kwa kucha. Baba alikuwa bado anatazama mbele.

"Baba, mguu."

Akatazama chini. Akauona ulipo, na pedali ilipo.

"Sukari hiyo," alisema. "Wa kulia mzima."

"Tangu lini?"

"Nilitaka nifike kwa dada kwanza. Halafu ndiyo ningesema."

Njia zilikuwepo. Ningeweza kubana pedali kwa ubao, au kumwita jirani aikanyage. Ndiyo kwanza nilikuwa nageuka kutafuta ubao, simu ikalia.

"Namwekea sikioni," binamu yangu alisema. "Mjomba aseme naye sasa hivi."

Nikaweka spika, nikaisogeza simu mdomoni kwa Baba.

"Dada," alisema, "tuko njiani."

Zilisikika pumzi tu, halafu sauti ndogo sana: "Mbona sisikii gari?"

Baba akanitazama. Gari lile nalijua mpaka skrubu ya mwisho, na sikuwa na cha kumsaidia.

Akawasha mwenyewe. Injini haikuwa na tatizo, ikaitika mara moja. Nikaenda mbele, nikashika simu juu ya boneti. Akakanyaga mafuta kwa mguu wa kulia, akapandisha mlio, akaushusha kama anayebadilisha gia, akaupandisha tena. Gia ilikuwa huru na gari halikusogea hata kidogo. Kupitia kioo cha mbele nilikuwa naona goti lake la kushoto likipanda na kushuka kila alipobadilisha.

"Polepole kwenye kona," Shangazi alisema.

"Sawa, dada!" Baba alipaza sauti dirishani. "Nimeshaiona."

Akaendelea kuendesha. Nilikuwa nalia, nimegeuza uso ili simu isisikie. Mkono ulianza kuniuma lakini sikuushusha. Baba alipanda mlima, akapunguza, akapanda mwingine.

Kisha ikaja sauti ya binamu yangu, taratibu.

"Mjomba," alisema, "zima gari."