Begi Lililojazwa na Mwashi

Saa kumi na nusu alasiri begi la ngumi lilikuwa juu ya meza ya kushonea, tupu, limekunjika katikati kama suruali inayosubiri kupindwa. Lilikuwa jeusi, la turubai nene, lenye zipu kwa juu na minyororo mifupi ya kuning'inizia. Dukani kinyozi na shemeji yake mwashi waliuziwa likiwa hivyo hivyo. Muuzaji alieleza kwamba kila mtu hujaza lake nyumbani.

"Tunajaza nini?" mwashi alikuwa ameuliza.

"Matambara. Nguo kuukuu zilizokatwakatwa. Ukitaka uzito, tia kifuko cha mchanga katikati, kidogo tu."

Begi lilikuwa la kinyozi. Alisimama mbele ya begi la maonyesho, mkono wa kulia umeshikiliwa na wa kushoto, akilitazama. Glavu hawakununua. Vidole vya kulia visingeingia bila kulazimishwa, naye hakutaka kulazimishwa mbele ya muuzaji.

Mkono huo wa kulia ndio uliowapeleka dukani. Kiharusi kilimkuta kinyozi kazini, mteja akiwa na povu shavuni. Uso ulirudi, ulimi ulirudi wote, mguu ulirudi kwa kiasi cha kumfikisha anakotaka. Mkono haukurudi. Uliinuka hadi usawa wa kifua, na vidole vilifumba bila kukaza. Mwenye saluni, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliahidi kutomweka mtu kwenye kiti chake hadi mwisho wa mwezi. Siku hiyo kinyozi angefika na kunyoa kichwa kimoja mbele yake.

"Kwa mkono wowote," mwenye saluni alisema. "Hata kwa mguu, ilimradi mteja atoke na masikio yake yote mawili."

Mke wa kinyozi alikuwa mshonaji, na maneno hayo ya mkono wowote aliyashika. Kila asubuhi alipuliza puto, akalipaka povu la sabuni, akalibana kati ya magoti yake, na mumewe akaliondolea povu kwa wembe akitumia mkono wa kushoto. Ndivyo vinyozi wengi wanavyojifunza: ukikosea, puto linapasuka. Mwanzoni yalipasuka yote. Kufikia wiki ya kununua begi yalipasuka kwa nadra, na mke alikuwa ameacha kufumba macho.

Kinyozi hakuyaita hayo maendeleo. "Huu ni mkono wa kushikia kichwa cha mteja," alisema. Alichotaka ni ule wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alimpa sifongo la kuminya na kumwelekeza apige mto, taratibu, kila siku. Sifongo lilikuwa la njano, lenye umbo la bata. Kinyozi alilitia kabatini. Kupiga alikubali, ila si mto. Wazo la begi lilianzia hapo, na aliyeliunga mkono kuliko wote ni mwashi, mdogo wa kiume wa mke wake.

Sasa mke alivuta gunia la mabaki ya vitambaa kutoka chini ya cherehani. "Haya yanatosha na kubaki."

Mwashi akachukua konzi moja, akaiminya, akaiachia. Vitambaa vikafumuka. "Dada, hapa unashona mto. Baada ya wiki litakuwa na kitambi kama shemeji kabla hajaugua."

"Kitambi changu kilikuwa cha heshima," kinyozi alisema.

"Nani kabisha, shemeji? Nasema tu begi lisiwe nacho."

"Muuzaji alisema matambara," mke alisema.

"Yule kazi yake kuuza. Mimi kujaza ndiyo kazi yangu. Misingi, sakafu, mashimo ya vyoo. Hakuna aliyewahi kunirudishia sakafu."

"Hii si sakafu, wewe."

Wote wawili wakamgeukia kinyozi.

"Mama watoto," alisema, "hospitali wamenipa bata. Wewe unanipa mto. Nataka kitu ambacho nikikipiga, kitajua kimepigwa." Akamtazama shemeji yake. "Tia mchanga."

Tangu hapo mwashi alifanya kazi nzuri. Alileta mchanga uliobaki kwenye ujenzi wake, akauchekecha na kutoa kokoto. Mchanga mkavu ulipomiminwa ulitulia chini na kuacha turubai likiwa na mikunjo kwa juu, jambo ambalo hakulivumilia. Katika kazi yake mchanga wa chini ya sakafu hulazwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka hunyunyiziwa maji na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Ukiuacha ulegee, sakafu itapasuka. Alifuata utaratibu huo huo. Tabaka la mchanga, jagi la maji, kisha mpini wa sururu ukitwanga ndani ya begi. Kila mara aligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Sikia, dada. Hakuna uwazi hata wa kuingiza sindano."

Alikuwa sahihi. Alipofunga zipu, begi lilisimama lenyewe barazani, limenyooka, bila kunjo. Kuliinua kulishindikana, ikabidi alete kapi na kamba za kazini na kulipandisha mpaka kwenye boriti ya zege. Likaning'inia. Alilisukuma kwa bega. Lilisogea kidogo sana, likatulia.

"Tulivu kama mlinzi wa benki," alisema. Hiyo aliihesabu kuwa sifa.

Asubuhi iliyofuata mke alimfunga mumewe vitambaa kwenye mikono yote miwili, akivuta na kupinda kama anayefunga kifurushi cha kwenda mbali. Mwashi alikuwa ameegemea nguzo na kikombe cha chai. Kinyozi alianza na mkono wa kulia. Uliinuka, ukafika kwenye turubai, ukateleza. Hapakuwa na sauti. Akarudia. Akarudia tena, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Shemeji," mwashi alisema, "unalipiga au unalipima homa?"

Kinyozi alicheka. Mke pia alicheka. Baadaye hospitalini mke alikiri, bila kuulizwa, kwamba naye alicheka.

"Ngoja kwanza lijue nani baba wa nyumba hii," kinyozi alisema. Akageuza bega, akapiga kwa mkono wa kushoto, kwa uzito wake wote.

Begi halikusogea. Mke alisikia kitu kama kijiti kikivunjwa. Mwashi alisema hakusikia chochote. Kinyozi alibaki amesimama akiutazama mkono, kisha akakaa sakafuni polepole, akijiegemeza kwa kiwiko cha upande dhaifu.

Picha ilionyesha mifupa miwili imevunjika nyuma ya vidole vya mwisho, na ufa kwenye mfupa wa tatu, karibu na kifundo cha mkono. Daktari aliuliza amepiga nini.

"Begi la mazoezi," mke alijibu.

"Limejazwa nini?"

Mwashi alieleza yote: kuchekecha, tabaka, maji, mpini wa sururu. Daktari aliacha kuandika mpaka mwashi alipomaliza.

"Maji ya nini?"

"Bila maji haushiki," mwashi alisema.

Plasta ngumu ilianzia kwenye vidole ikaishia karibu na kiwiko. Ingekaa kupita mwisho wa mwezi. Mke aliuliza kama vidole vitashika wembe tena. Daktari alisema kijiko vitashika. Kuhusu wembe asingependa kuahidi. Kinyozi aliuliza kuhusu mkono wa kulia. Daktari akafungua faili lake la zamani, akalisoma, akasema endelea na sifongo.

Jioni mwashi alilishusha begi. Mchanga haukutoka kwa kumimina, akalipasua turubai kwa kisu kutoka juu hadi chini. Mchanga ulibaki umesimama, umbo lile lile. Alianza kuubomoa kwa sururu. Hakufanya utani wowote. Siku zilizobaki mke alimlisha mumewe, alimvisha, alimfunga vifungo. Maputo hayakupulizwa.

Siku ya mwisho wa mwezi kinyozi alikwenda saluni na mkewe. Kiti kilikuwa kitupu. Mwenye saluni alitimiza ahadi yake mpaka siku hiyo. Kwenye benchi la wateja alikaa kinyozi mwingine, mgeni, na mkoba wa vifaa mapajani.

Mwenye saluni alitazama plasta, akatazama mkono wa kulia. Hakuita mteja.

"Hata wewe mwenyewe nywele zimekujaa, kaka," alisema hatimaye. "Kaa basi."

Kinyozi akakaa kwenye kile kiti. Mke alibaki mlangoni. Mwenye saluni alimpa ishara mgeni, naye akainuka, akafungua mkoba wake na kupanga vifaa kwenye rafu chini ya kioo: mashine, vichana, brashi. Akamtandikia kinyozi shuka, akaifunga shingoni.

"Ndevu tunaacha au tunaondoa, mzee?"

"Ondoa," kinyozi alisema.

Mgeni akawasha mashine.