Lita Tano Nilizopunguza

Mimi nina kichwa kigumu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mwenye akili kwetu ni mdogo wangu wa kike. Kwenye mbio za magari za kompyuta mimi nilishika usukani, tuliokuwa tumeubana kwenye meza ya chakula, na yeye alikaa pembeni na kompyuta yake na daftari, akinihesabia mafuta na matairi. Mama akipita alikuwa anatucheka: "Gari lenyewe halipo, mafuta yanaishaje?"

Yanaisha, mama. Na matairi yanalika vilevile. Ukikata kona kwa pupa yanapata moto, yanaanza kuteleza, na ukishayaua hayafufuki.

Jumamosi ile hatukuwa tunacheza. Timu moja kubwa ya mbio hizo ilikuwa inatafuta mtu wa kupanga mbio, kazi ya mshahara kabisa, na bwana mmoja wa huko aliahidi kutazama mbio zetu, kisha ampigie simu mdogo wangu amuulize mipango yake. Maskini, alikuwa amechoka kukagua vifungo vya mashati kiwandani, kutwa amesimama. Asubuhi aliniambia, "Kaka, leo nisikilize tu. Leo tu."

Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Mizunguko arobaini, kusimama mara moja katikati, matairi mapya, mafuta lita hamsini na tano. Hapo tungemaliza wa tatu, labda hata wa pili.

Sasa nyuma yangu alikuwepo jamaa tunayemwita Kiroboto, kwa kung'ang'ania mgongo wa mtu. Kila mbio lazima aniandikie kejeli kwenye skrini. Tukaingia kujaza mafuta pamoja. Ukijaza kidogo unasimama muda mfupi, basi nikabonyeza kitufe cha usukani, nikapunguza lita tano kimyakimya, nikatoka mbele yake. Nikacheka peke yangu, mjinga mkubwa.

Mdogo wangu akaona kwenye kompyuta yake. Alivuta pumzi, hakupiga kelele. "Sawa. Bado inawezekana. Kila kona ikikaribia achia pedali ya mafuta mapema, gari lijiendee lenyewe. Kiroboto mpishe. Kwa pupa yake matairi yatamwishia, utamkuta huko mbele."

Nimpishe Kiroboto? Thubutu! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo hawakulitaja, na mimi nikajifichia hapo.

"Achia hapa, kaka." Nikakanyaga. "Kaka, achia, nakuomba." Nikamwambia anyamaze, ananivuruga. Akanyamaza kweli. Mizunguko yote iliyobaki nilimziba Kiroboto kushoto na kulia, gari linaserereka kila kona, na mimi najiona dume.

Mzunguko wa mwisho, kona mbili kabla ya mstari, injini ikakohoa, ikazima. Kiroboto akapita. Wengine wakafuatana nyuma yake. Tulimaliza wa tisa.

Simu ikaita. Mdogo wangu akaiweka mezani kwa sauti kubwa, tusikie wote.

"Nimeona mmejaza pungufu," yule bwana alisema kwa upole. "Uamuzi ule ulikuwa wa nani?"

Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kupata likizo, nilitazama pedali.

"Wangu," mdogo wangu akasema mwishowe. "Nilikosea hesabu."

Wiki iliyofuata bwana yule alipiga tena. Hakumtaka mdogo wangu. Alinitaka mimi, niwe dereva wao, kwa jinsi nilivyomzuia mtu mizunguko yote ile nikiwa na matairi yaliyokwisha. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, Mungu anisamehe.

Jioni hiyo nilimkuta mdogo wangu anapiga pasi sare yake ya kiwandani. Alinipa hongera, na sauti yake haikuwa na kinyongo, jambo lililonichoma zaidi. Nikamuuliza kwa nini siku ile alijitwika kosa langu.

"Sikukimbilia kujitwika, kaka. Alipouliza, nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, nikikungoja useme mwenyewe." Akageuza kola, akaipitisha pasi taratibu. "Nilipofika kumi, bado ulikuwa unaangalia miguu yako."