Majani ya Kuweka Njiani

Kamioni ya Ngandu ilivunjika resori, springi za chini, kwenye kona, kilomita thelathini kabla ya Kamina, ikakaa katikati ya njia kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Chini ilibeba mahindi ya Mama Amida kutoka Kaniama. Juu yake Ngandu alikuwa amepanga magunia arobaini ya makala, mkaa wa kupikia, maana kwake nafasi tupu ni dhambi.

"Miye nilikuambia, papa shofere, ile makala iko mingi," alisema Amida. "Weye ukasema kamioni iko na nguvu sawa ng'ombe ya Kaniama."

"Ng'ombe nayo inachokaka, mama."

Kicheko hakikudumu. Jua lilikuwa linashuka, na wenye pikipiki huipita kona ile mbio. Gari likifa, shofere hukata matawi mabichi akayatandaza mbele na nyuma, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Ngandu akashika panga, akaingia porini.

Pori gani? Visiki tu. Miaka mitano nyuma alikuwa akijisaidia hapa bila kuonekana hata na ndege. Sasa Amida alimpungia kitambaa kutoka barabarani. Visiki vingine alivijua: pale alipakia makala Januari, pale kabla ya Pasaka.

Akarudi mikono mitupu.

"Miti iko wapi?" Amida aliuliza.

Ngandu akarudisha panga mahali pake. Amida akanyoosha kidole juu ya mzigo. "Njo ile miti. Yote iko pale. Tushushe!"

Walishusha magunia kumi na mawili, wakayapanga njiani. Jasho halijakauka, pikipiki ikatokea: baba, mama, mtoto mgongoni. Ikayumba, ikagonga gunia, ikasimama. Makala yakamwagika. Mtoto akalia.

"Munauzisha makala katikati ya njia?" baba alifoka.

"Hapana, ndugu yangu," alisema Ngandu, akiinama kukusanya makala. "Hii njo miti."

Safari iliyofuata, wachoma makala wa njia ile walimsubiri bure.

"Mama Amida, ita Kyabu," alisema Ngandu kule Kaniama. Kyabu, jirani yake Amida, alikuwa akikodi kamioni nyingine nzima kwa magunia kumi tu ya mahindi. "Apakie hapa, mahali ya makala. Kamioni mbili za nini?"

"Na ukivunjika tena?"

Ngandu akamwonyesha nyuma ya kiti: matawi matatu ya mti wa avoka wa nyumbani. Mke wake, Lydie, alimhesabia mwenyewe, na alimwambia ayarudishe yote, mti usikatwe tena.