Mwenye Kundi O Ndiye Aingie

Baba mkwe alipopimwa akakutwa na korona, watoto wake watatu walikaa kikao sebuleni. Nani atamuuguza? Wifi akasema ana pumu. Shemeji mkubwa, mwenye duka la simu na mjuaji wa kila kitu, alikuwa amesoma mahali kwamba watu wa damu ya kundi O huenda hawaambukizwi kwa urahisi kama wengine. Ile "huenda" aliimeza bila kutafuna.

"Nani hapa ni O?" akauliza.

Mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, akainua mkono. Alijua kundi lake tangu siku alipomtolea damu mwenzake wa karakana. Basi, kikao kikaisha hapo hapo.

"Damu ya chuma hiyo!" wifi akacheka.

Mimi sikucheka. Nilisema avae barakoa, awe na damu ya aina yoyote ile. Shemeji akanigeukia. "Shemeji, haya mambo ya sayansi yaache. Utamtia mwenzio woga bure." Nilitamani kumzaba kofi. Lakini mume wangu mwenyewe alikuwa anatabasamu.

Akawa anaingia chumbani kwa baba yake kila siku, madirisha yamefungwa kwa sababu mzee alilalamika baridi. Alimlisha uji, akamgeuza, akamfuta makohozi, akamwinua uso kwa uso. Barakoa niliyomshonea ilining'inia kidevuni.

"Mimi ni O, mke wangu," alikuwa akiniambia, huku akinikonyeza.

Mzee akapata nafuu. Mume wangu akashikwa na homa, kisha hata kuvuta pumzi kukawa kazi. Hospitalini hakuna aliyetaka kusikia habari za kundi. Walitaka kujua alianza lini kubanwa kifua. Alifia kwenye oksijeni, nami niko nje ya mlango. Sikuruhusiwa hata kumshika mguu.

Tuliporudi kutoka kuzika, mzee alikuwa bado hajaambiwa. Tulimsikia kitandani akimwita mwanawe amletee maji. Sebuleni wote wakatazama zulia.

"Nenda wewe, shemeji," yule mkubwa akanong'ona. "Wewe anakusikiliza."

Nikavaa barakoa, nikaingia. Nilimwambia moja kwa moja, maana sikuwa na nguvu za kuzungukazunguka. Mzee alilia mpaka kikohozi kikamrudia. Kisha akauliza, "Mbona alikuwa hajifuniki? Kila siku nilimwambia ajifunike."

"Waliamua mtu wa kundi O hapati korona, Baba."

Akanikazia macho. "Lakini hata mimi ni O," akasema. "Nimetoa damu tangu ujana wangu. Hakuna aliyeniuliza."

Nikaenda mpaka mlangoni, nikaufungua wote, na wote waliokuwa sebuleni wakainua nyuso.

"Rudia, Baba," nikasema. "Sema kwa sauti."