Kesi ya Kuchafua Hali ya Hewa

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa kwa kuchafua hali ya hewa.

Kosa lenyewe nalijua. Jumapili, kwenye mkutano wa mtaa, nilisimama nikasema kwamba viyoyozi vya ghorofa la Baba Irene vinatemea joto uchochoroni, na dirisha letu la pekee liko kwenye uchochoro huo. Mwanangu Sikujua ana pumu. Wao wakilala kwenye baridi, yeye anakesha amekaa. Mwenyekiti akanijibu mbele za watu, "Mama Sikujua, mkutano ulikuwa unakwenda vizuri. Usituchafulie hali ya hewa." Watu wakacheka. Nikakaa.

Sasa niko kizimbani. Kizimba ni beseni langu la kufulia, nami nimesimama ndani yake na maji yake ya sabuni. Hakimu ni kiyoyozi. Kimevaa joho, kinadondosha matone, na karani anayakinga kwa kikombe cha chai.

"Jina?"

"Mama Sikujua."

"Kutojua sheria si utetezi," kikasema. "Shahidi aingie."

Linaingia jiko langu la mkaa. Miaka yote nalipepea, leo linakwepa macho yangu.

"Huyu mama anapika nini?"

"Maharage, mheshimiwa."

Mahakama nzima inaziba pua.

"Moshi kabla ya kula," kiyoyozi kikasema kwa huzuni, "na baada ya kula, tusiseme. Halafu sisi ndio tunahangaika kuipoza dunia."

"Unapoza chumba cha mtu mmoja," nikasema. "Joto lake unalipeleka wapi?"

"Nje."

"Huko nje ndiko ninakokaa mimi."

Karani akaandika: mshtakiwa amekiri kukaa nje.

Hukumu ikasomwa. Joto lote la mtaa likalale chumbani kwangu mpaka hali ya hewa itakapotulia. Nikasema nakata rufaa. Nikaambiwa rufaa zinasikilizwa ghorofani, na lifti ni ya wenye nyumba.

Nikitoa mguu kwenye beseni, naukanyagia chumbani kwangu. Joto ameshafika. Ni bwana mnene, mpole, kabeba godoro.

"Samahani, dada. Nimeelekezwa huku."

Anakaa kitandani, miguuni kwa Sikujua. Hapohapo kifua cha mwanangu kinaanza kupiga filimbi. Midomo inageuka rangi.

"Wewe! Inuka hapo!"

"Dada, na mimi nimechoka," Joto akasema. "Kule wananisukuma nje kwa dirisha la nyuma kama uchafu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nataka kwenda wapi."

"Mlango wa mbele umewahi kupita?"

"Sijawahi."

"Ukapiga hodi?"

"Hodi ndiyo nini?"

Jitu zima, linaingia nyumba za watu tangu dunia iumbwe, halijafundwa hodi! Nikamwinua kwa sikio, likaniunguza, sikuliachia. Nikamfundisha kama nilivyomfundisha Sikujua: simama pembeni ya mlango, usichungulie ndani, usipayuke, na usiingie mpaka ujibiwe.

"Wakisema karibu?"

"Basi umekaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Twende, mtoto anaumwa."

Uchochoro umekuwa mrefu kama barabara ya kwenda mkoani. Joto anatangulia, godoro kichwani. Ukutani viyoyozi vinanong'onezana, "Anarudi! Jamani, anarudi!" Nyuma yetu hakimu anapiga kelele kwamba mahakama haijaahirishwa. Huku filimbi ya kifua cha Sikujua naisikia kila ninapokanyaga.

Mlango wa Baba Irene una kamera, una kengele, una hata mbwa. Mbwa akamwona Joto, akatoa ulimi nje, akalala. Joto akaipita kengele, akasimama pembeni kama nilivyomwelekeza, akakohoa kidogo.

"Hodi hodi, wenyewe."

Nimebana pumzi. Wakichungulia kwanza, tumekwisha. Wakiuliza nani, tumekwisha. Ila hodi ina mambo yake: ulimi huijibu kabla akili haijavaa viatu.

"Karibu!" ikaitikia sauti ya Baba Irene kutoka ndani. "Pita ndani, jisikie uko nyumbani!"

Joto akanigeukia, machozi yanamtoka. Akafuta miguu, taratibu, wa kushoto kisha wa kulia. Akaingia na godoro lake.

Nikaamka. Kumekucha. Sikujua kalala chali, mdomo wazi, kifua kimya, na shuka zote mbili kajivutia yeye. Dirishani mashine zinanguruma kama kawaida. Ndoto tu, nikajisemea, nikatoka kumwaga maji.

Baba Irene alikuwa kwenye ngazi za mbele, singlendi imemgandia mwilini, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Mtu huyu hajawahi kuanza yeye kunisalimia.

"Habari za asubuhi, Mama Sikujua. Eti, hujaona mtu akitoka kwetu?"

"Mtu gani?"

"Alfajiri kuna mtu kapiga hodi, ana adabu huyo! Nikamkaribisha. Mpaka sasa tunamtafuta humo ndani na hatumwoni."

Akasogea pembeni ili nione zulia la mlangoni. Palikuwa na nyayo mbili zilizoungua, moja kando ya nyingine, zote zinaelekea ndani.