Pijo ya Hodi Tatu

Mzee Ulimboka wa Mkonze alikuwa na vitu viwili ambavyo hakumwachia mtu avishike: redio yake na usukani wa Pijo yake. Redio ikafa, Mungu ailaze, ikabaki Pijo. 404 nyeupe, ile ya zamani yenye sura ya upole, aliyoinunua akiwa dereva wa serikali, enzi watu wanahamishiwa Dodoma wananung'unika kwamba ni vumbi tupu. Vumbi lipo mpaka leo. Manung'uniko ndiyo yamepungua, maana sasa kila mmoja ana kiwanja chake.

Basi mzee alikuwa na jambo. Jumamosi yeye na mkewe, Bibi Anyesi, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, jubilei kabisa, misa kanisani kule Kikuyu ya hapa Dodoma. Na kila aliyemsalimia wiki hiyo aliambiwa kwamba bibi harusi ataingia kanisani kwa Pijo. Bibi harusi mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Huyu ni mama wa Hombolo, maneno anayatia kama chumvi, kidogo kidogo. Ila miaka na miaka alikuwa anakwenda misa kwa bajaji, eti kiti cha Pijo kinamuumiza mgongo, na jambo hilo lilimkaa mzee rohoni. Mke wa dereva kupanda gari za watu! Kwake yeye Jumamosi ilikuwa na mawili: Anyesi akae kwenye ile gari, au yeye aaibike mbele ya wakwe na wajukuu.

Binti yao Ruthu akatoa sharti, gari ikakaguliwe kwanza. Mzee akacheka. Ukaguzi? Mbona kila mwaka anapita.

Na kweli alikuwa anapita. Akifika uwanja wa ukaguzi vijana wanaacha kazi, shikamoo babu, hii gari inanizidi umri, wanapiga picha wameegemea boneti. Ikija zamu ya kujaribu breki, nani amwambie mzee wa watu ashuke kwenye gari yake? Wanasema endesha mwenyewe babu, uje mpaka kwenye mstari wa chokaa usimame. Anakuja, anasimama, bampa juu ya chokaa kama kapima kwa uzi. Stika inabandikwa. Hapakuwa na rushwa wala hila. Adabu tu.

Jumatano ile akakuta mkaguzi mpya, binti anaitwa Brightness, mfupi, kavaa buti zimemzidi. Akamwamkia vizuri, na magoti akayakunja kidogo, mzee akampenda palepale. Kisha binti akafungua mlango wa dereva.

"Babu, naomba usogee kiti cha pili. Naendesha mimi."

Mzee akawatazama wale vijana wengine atafute huruma kwao. Wote ghafla wakawa wanasoma namba za lori moja. Akasogea. Tangu ainunue Pijo alikuwa hajawahi kukaa upande ule, hata kishikio cha kioo alikuwa hakijui kinazungukia wapi.

Brightness akaondoka nayo vizuri, gia ya pili, gia ya tatu, wakaifuata chokaa. Akakanyaga breki. Pijo ikapita chokaa kama haijaiona, ikaelekea kwenye turubai ambako wakubwa wa uwanja walikuwa wanakunywa chai. Mkono wa mzee ukakimbilia dashibodi wenyewe. Mguu ukakanyaga sakafu, ukakanyaga tena, na tena, na sakafu haina kitu. Mdomo nao ukafunguka ukasema, "Yesu na Maria."

Binti akavuta handibreki, gari ikasimama imesukuma kiti kimoja cha plastiki ambacho mwenyewe alikuwa ameshakikimbia. Chai ndiyo iliyomwagika.

Brightness akapumua. "Babu, hizi breki zinashika wapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu ya nini?"

"Unakanyaga mara tatu, mjukuu wangu. Ya kwanza unapiga hodi. Ya pili inaitika. Ya tatu inafungua."

"Na mtoto akikatiza barabara, naye asubiri ifungue?"

Mkubwa mmoja wa pale kwenye turubai, shati lina chai, akapaza sauti kwamba mpe mzee stika yake, yule anaijua gari yake. Brightness stika anayo mkononi. Akamgeukia mzee, uso umemlegea, akasema basi babu, sema wewe mwenyewe, nibandike?

Angesema ndiyo, Jumamosi ilikuwa mkononi. Lakini bado alikuwa amekaa upande ule, kiganja bado kipo juu ya dashibodi, na pale chini ya kiganja rangi ilikuwa imechujuka, duara kama la mkono. Si mkono wake. Wake haujawahi kufika huko.

"Usibandike," akasema.

Akarudi Mkonze polepole, anapiga hodi njia nzima. Akamkuta Anyesi anapeta karanga. Akamwambia imekataliwa, akamwambia na habari ya kiti na chai, bila kumficha kitu.

"Mama Ruthu, kwa nini hukuniambia kwamba unaogopa?"

"Nilikuambia miaka yote. Kila kona nilikuwa namwita Yesu."

"Nilidhani unasali."

"Nilikuwa nasali, Baba Ruthu."

Wakacheka mpaka karanga zikamwagika kutoka kwenye ungo, kuku wakafaidi. Halafu Anyesi akatoa la kwake: atapanda Pijo Jumamosi, ikishatengenezwa, ila aendeshe yule binti wa ukaguzi. Hilo mzee alilimeza kwa shida kuliko lile la kukataliwa.

Alhamisi mzee na fundi wake wakamganda Jayant, mwenye duka la spea mjini, mpaka akachimbua nyuma ya rafu masta silinda, pampu ya breki aliyokuwa amekata tamaa ya kuiuza. Fundi Castory akaifunga. Ijumaa Brightness akakanyaga mara moja tu, Pijo ikasimama kabla ya chokaa, na mzee akatamani kuiambia gari pole kwa kuichosha bure.

Jumamosi binti alikuja kwa hiari yake, siku yake ya mapumziko, kavaa kitenge. Mzee na bibi wakakaa nyuma, suti na vitenge vipya, kama wageni. Miaka yote barabara ya kwenda Kikuyu mzee aliipita macho mbele na sikio kwenye injini. Sasa akawa anachungulia dirishani.

"Mama Ruthu, hii ghorofa wamejenga lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na ile shule?"

"Ruthu kasoma pale," akasema Anyesi, akamwekea tai vizuri.